Aliyelala kwa Jina la Kavumbi

Simu ya marehemu iliita saa nane mchana, siku ya hamsini na tatu tangu azikwe.

Ilikuwa juu ya meza, imechomekwa kwenye betri ya sola, kwa sababu Sidi hakuwa na moyo wa kuizima. Mwenyewe alikuwa uani akichambua mchicha. Caroline, bintiye wa miaka kumi, ndiye aliyemwita: "Mama, simu ya baba inalia." Sidi akaenda akijifuta mikono kwa leso. Alidhani ni mmoja wa wale watu wa Mariakani ambao hawajapata habari za msiba, wale wanaomlazimisha kuusimulia upya kila wanapopiga. Namba ilikuwa ndefu, ya nchi asiyoijua.

"Halo?"

Mwanzo ulisikika upepo tu. Kisha mtu akakohoa, na kikohozi kile Sidi alikitambua kabla hakijaisha.

"Sidi? Sidi, ni mimi."

Alitazama nje kupitia mlango. Kaburi lilikuwa pale pale kando ya mkorosho, udongo wake bado mwekundu, msalaba wake wa mbao umeandikwa KAVUMBI KOMBE kwa rangi nyeupe. Na sauti ya Kavumbi Kombe ikaendelea sikioni, "Mbona husemi? Ni mimi Kavumbi. Usikate, simu si yangu." Sidi akaitupa simu sakafuni, akakaa chini ukutani, leso mdomoni. Kutoka kule chini sauti ndogo ilizidi kumwita kwa jina mpaka salio likaisha.

Kenga, kaka mkubwa wa marehemu, alikuja mbio kutoka shambani.

"Shemeji, una hakika ni yeye?"

"Nimelala na kikohozi kile miaka kumi na moja, shemeji. Ni yeye."

"Lakini mimi ndiye niliyekwenda mochari. Mimi ndiye niliyemtambua."

Alisema hivyo kwa nguvu mno, na Sidi, aliyekuwa bado anaitazama simu sakafuni, hakuliona hilo. Jioni wakaitwa watu wawili, maana ukoo ule haukuwa na imani moja: mhubiri na mganga. Wawili hawa hawakuwa wamekubaliana juu ya jambo lolote tangu wajuane, lakini la siku ile walikubaliana mara moja. Laini itolewe, ivunjwe, itupwe chooni. Kenga akaitupa.

*

Tuseme ukweli mapema, asije mtu akahangaika bure. Kavumbi hakuwa amekufa.

Yeye na mwenziwe Dedan walikuwa matanboi, wasaidizi wa madereva, wa tajiri mmoja wa malori kule Mariakani. Jumatatu moja asubuhi Dedan alikuwa na homa, na trela lake lilikuwa laenda Juba, safari ya majuma. Lori la Kavumbi lilikuwa na saruji ya kupeleka karibu, kwenda na kurudi siku moja. Wakabadilishana bila kumwambia karani, jambo ambalo matanboi hulifanya kila kukicha. Kavumbi akachukua pasi ya Dedan ya kuvukia mpaka, kwa kuwa picha yake ilikuwa imefifia na askari wa mpakani hawana haja na uso wa tanboi. Kwa haraka akalisahau jaketi lake kwenye lori la saruji, kitambulisho na simu vimo mfukoni. Kulikuwa na manyunyu, basi Dedan akalivaa.

Lori la saruji lilipinduka kabla ya saa nne, Dedan na dereva wakafia humo. Siku ya nane, karibu na Juba, watu wenye bunduki walilisimamisha trela, wakamuua dereva, na Kavumbi akapigwa risasi ya goti. Alizinduka katika hospitali ya wamisheni, mguu wa kushoto umekatwa, na karatasi ya kitandani imeandikwa Dedan. Akaogopa kusema yeye si Dedan. Alikuwa ameingia nchi ya watu kwa pasi isiyo yake, na mgonjwa wa kitanda cha pili alimwambia hilo ni jela. Akaitikia jina lile kwa miezi tisa. Muuguzi alipomwazima simu mara moja tu, namba pekee aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa yake mwenyewe.

*

Alifika nyumbani, maili mbili ndani kutoka Vitengeni, siku ya Jumatano saa tano asubuhi, jua la utosi linakaribia na hakuna hata kuku anayetembea. Alikuwa kwenye magongo. Jambo la kwanza aliloliona ni msalaba. Akausoma mara ya kwanza, akausoma tena, akahesabu tarehe kwa vidole, ndipo akakumbuka jaketi.

"Masikini Dedan," akasema, peke yake pale juani.

Sidi alitoka na ndoo. Hakupiga kelele. Aliiweka ndoo chini taratibu, asimwage hata tone, akapiga goti nusu na kusema, "Shikamoo."

Kavumbi alikuwa amejiandaa kwa vilio, kwa kukimbiwa, hata kwa mawe. Kwa hilo hakuwa amejiandaa. Mkewe hakuwahi kumwamkia shikamoo tangu wajuane. Kwao salamu ilikuwa kutaniana na kurushiana kanga. Sasa alimwamkia kwa adabu ya kutisha, macho chini, na nywele zake, zilizonyolewa msibani, bado alizipunguza zisizidi urefu wa kucha.

"Sidi, mimi si mzimu."

"Ndiyo, Baba Caroline."

"Niguse."

"Ndiyo, Baba Caroline," akasema, na hakumgusa.

Wazee wa ukoo walikaa siku mbili. Hakuna aliyejua mila inasemaje mtu aliyezikwa akirudi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona, na kwa hiyo kila mmoja aliijua vizuri kuliko mwenziwe. Mmoja alitaka ukuta wa nyuma utobolewe, Kavumbi apite pale kama mtoto anayezaliwa, apewe jina jipya. Mwingine alitaka aoshwe kwa vuo, maji ya majani ya dawa, siku saba. Mwishowe wakakubaliana hivi: maadamu kaburi lina jina lake na lina mtu ndani, boma lile lina Kavumbi wawili. Huyu wa juu asiingie nyumbani kwa mlango wala asile chungu kimoja na mkewe mpaka udongo ufunguliwe. Akae kibandani, ukingoni mwa boma.

"Au ukubali jina jingine," mzee mmoja akamshawishi, "upite nyuma kesho, yaishe. Jina ni kitu gani?"

"Mimi ni Kavumbi. Na yule pale ana lake, wazee. Nikihama jina langu, yeye atalala nalo milele, na mamake hatampata."

Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba yule wa chini ana mama.

*

Maisha ya kibandani yalikuwa hivi. Asubuhi na jioni Sidi alileta sahani imefunikwa kawa, akaiweka juu ya jiwe hatua sita kutoka mlangoni, akarudi nyuma kabla hajageuka. Chakula kilikuwa kizuri, samaki akiwapo alipewa kichwa. Caroline peke yake ndiye aliyevuka jiwe lile, na yeye alikuja na maswali.

"Baba, wewe unalala?"

"Nalala, mama."

"Shuleni wanasema wafu hawalali. Wanasema nikuchungulie."

"Nichungulie tu. Ukinikuta nakoroma uwaambie."

Lakini mambo ya alasiri ndiyo yaliyomtoa usingizi. Kila siku, watu wanapojinyoosha baada ya chakula, Sidi alikwenda mkoroshoni, akakaa chini kando ya kaburi, akazungumza. Kibandani maneno hayakufika, ila sauti yake ilifika: ya chini, ya kawaida, sauti ya mke anayemwambia mumewe habari za mchana. Wakati mwingine alinyamaza kidogo, kama anayengoja jibu, kisha akaendelea. Siku moja alicheka.

Kavumbi alikisikia kicheko kile. Mkewe anaongea na Kavumbi, na Kavumbi yuko huku kibandani ameshika mlango. Alimwonea wivu maiti, na wivu ule ulimwaibisha kuliko mguu uliokatika.

*

Alikwenda kwa chifu kwa matumaini.

"Shikamoo, chifu."

"Marahaba," chifu akaitikia, akaiweka kalamu chini. "Kavumbi, mimi nilihutubia mazishi yako."

"Nimesikia. Nashukuru."

"Nilisema ulikuwa mtu wa kazi, mtu wa watu. Sasa nikiandika barua kwamba u hai, nitakuwa nilidanganya siku ile, ama nadanganya leo?"

"Siku ile hukujua, chifu."

"Ndiyo. Lakini barua haina mahali pa kuandika hayo." Hata hivyo akaiandika, akapiga muhuri, na akampa kwa kuisukuma mezani kwa ncha ya kalamu.

Katika ofisi ya vitambulisho alihudumiwa na msichana mwenye kucha ndefu, mpole. Aliingiza namba kwenye kompyuta, akaingiza tena.

"Mfumo unaonyesha umefariki, baba."

"Si unaniona?"

"Mimi nakuona. Mfumo haukuoni." Akafikiri. "Njoo na ndugu wa marehemu, aape."

"Marehemu ni mimi."

"Basi njoo na ndugu yako."

Foleni nzima ilicheka, na mtu aliyekuwa nyuma yake akarudi hatua moja. Mwisho wa yote aliambiwa dawa ni mahakama: kaburi lifukuliwe kwa amri, aliyemo atambuliwe, cheti kifutwe. Na mahakama haifungui kaburi kwa maneno ya tanboi. Inataka wenye maiti.

*

Karani wa tajiri alimpa anwani ya mama wa Dedan. Mama huyo alikuwa Kikambala, dobi wa mashuka katika hoteli moja ya pwani, na chumba chake kilikuwa nyuma ya soko, mwisho wa uchochoro mwembamba.

Kavumbi aliingia uchochoroni alasiri. Ardhi ilikuwa ngumu na magongo yalilia ko, ko, ko. Mlango wa mwisho ukafunguka kabla hajaufikia, na mwanamke mnene aliyevaa sare ya hoteli akatoka mbio na mikono imepanuliwa, uso wote umejaa furaha.

"Dedan! Mwanangu Dedan!"

Kisha akasimama. Furaha haikuondoka mara moja usoni; ilibaki pale bila mwenyewe.

Yule karani, kumbe, alikuwa amemletea habari zile alizopata kutoka kwa wamisheni: mwanao amepigwa risasi, mguu umekatwa, lakini yu hai, atakuja. Chumbani kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka jeupe la hotelini. Ukutani yameegemezwa magongo mapya ya mbao, yamepakwa vanishi mpaka yanang'aa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe umetumwa naye? Yuko nyuma? Hawezi kutembea?"

Kavumbi alikuwa ameyapanga maneno tangu Vitengeni. Yote yakamtoroka.

"Mama, aliyekatwa mguu ni mimi. Tulibadilishana zamu. Nilikuwa na pasi yake, na hospitali walidhani mimi ndiye Dedan, na niliogopa kuwasahihisha. Nisamehe. Niliogopa."

Mama Dedan alimtazama mguuni, akatazama muda mrefu.

"Miezi tisa nimeuombea mguu huu," akasema. "Kila nikikunja shuka nasema, Mungu, upoze. Kumbe ni wako."

"Ni wangu, mama."

"Na wangu yuko wapi?"

"Yuko kwangu. Kaburini kwangu, kwa jina langu."

Majirani walikuwa wamesimama milangoni. Mama Dedan akajishika ukuta, akakaa kizingitini polepole, na hakulia. Aliuliza jambo moja tu.

"Walimlilia?"

"Walimlilia sana, mama. Mke wangu alinyoa nywele. Mpaka leo anakaa naye kila siku."

"Basi," akasema. "Afadhali." Akainuka, akaingia ndani, akatoka na yale magongo ya vanishi. "Shika. Hayo yako yamechakaa."

Alipokuwa akiondoka, jirani mmoja, mwanamke mwembamba, alimfuata hadi barabarani. Nduguye alikuwa amepotea tangu mwaka jana. Mochari anaogopa kuingia. "Wewe kaka," akasema bila kumtazama, "wewe umekwishazoea mambo ya huko. Hungeniangalizia?"

*

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza, kwa watu kudhani kwamba hana la kuogopa tena. Walikosea, maana Kavumbi aliogopa kila mlango wa mochari alioingia. Lakini alijua kitu ambacho wengine hawakukijua: alijua kosa linavyotendeka. Hakusikiliza habari za nguo. Mtu akimwambia, "alikuwa na shati la bluu," alitikisa kichwa. "Shati huazimwa. Niambie mwili wake. Kovu liko wapi? Jino gani halipo? Kidole cha mguu kimekaaje?" Aliandika yote daftarini, akapanda bodaboda na magongo yake yamefungwa nyuma, akazunguka hospitali, vituo vya polisi, makanisa, nyumba za wazee, viwanja vya malori.

Ndugu wa yule mwanamke alimpata akiwa hai, mfungwa, anaona aibu kuandika barua. Wapo aliowapata wakiwa wamekufa, na habari hizo alizipeleka mwenyewe, uso kwa uso, hata iwe mbali vipi. Kisha kukawa na mzee wa Malindi aliyetoka msikitini baada ya sala ya alasiri, akili zake zimemruka, asionekane wiki tatu. Kavumbi alimkuta Mariakani, katika maegesho ya malori, amekaa na wauza chai waliompa kikoi na kumwita babu. Mwanawe, mfanyabiashara aitwaye Umair, alilia mbele ya watu bila haya. Yeye ndiye aliyempa Kavumbi chumba cha mbele katika jengo lake la Kibarani, mjini Kilifi. "Ofisi," akamwambia. "Watu wasikutafute chini ya miti. Wewe ndiye wa kutafuta."

Mwaka wa pili kibao kilikuwa juu ya mlango, wasaidizi wawili walikuwa na meza zao, na polisi wenyewe walikuwa wakipiga simu kumuuliza. Leseni, kwa kuwa mfumo bado haukumwona, ilitoka kwa jina la mkewe. Aliziacha karatasi juu ya jiwe la kibandani, na kesho yake akazikuta zimetiwa sahihi. Alivaa mguu wa bandia. Nyumba ya Sidi iliezekwa mabati mapya. Caroline alikwenda shule ya bweni. Mjini watu walisimama kumpa mkono, wakamwita Mkurugenzi.

Na jioni Mkurugenzi alirudi kwao, akapita mbele ya mlango wa nyumba aliyoiezeka, akaenda kulala kibandani. Sahani ilikuwa juu ya jiwe. "Shikamoo," sauti ilisema gizani, nayo nyayo zikarudi nyuma. Angejenga ghorofa, ingekuwa vile vile. Alikuwa amefanikiwa kila mahali ila pale tu alipotaka kurudi.

*

Hatimaye ombi la Mama Dedan la kufukua kaburi lilifika mahakamani, na kiapo alikitoa Kenga. Mtu mzima mwenye mvi, alisimama mbele ya hakimu, akashika reli ya kizimba.

"Sikuinua shuka," akasema. "Niliona jaketi, wakanipa kitambulisho na simu. Wakaniambia uso umeharibika. Nikasema ndiye. Niliogopa kumwona ndugu yangu vile, nikasema ndiye."

Nje, kwenye ngazi, alishindwa kumtazama Kavumbi. "Nilikuzika bila kukutazama, ndugu yangu. Ndiyo maana ulipopiga simu niliitupa laini chooni. Nilijua nilichokificha."

"Hata mimi nisingeliinua, kaka," Kavumbi akamwambia, na alisema kweli.

Kaburi lilifunguliwa Alhamisi moja saa nne asubuhi. Walikuwapo askari wawili, afisa wa afya na daktari. Mama Dedan alikuja na watu wa kanisa lake kwa gari la kukodi. Alikuwa amekwishaeleza alama: mkono wa kushoto, bamba la chuma mfupani, tangu alipoanguka mnazini akiwa na miaka kumi na sita. Upepo ulikuwa umesimama kabisa, jani la mkorosho halikutikisika, na majembe yalisikika boma zima. Muda si mrefu daktari aliinama shimoni, akanyanyua kitu chembamba cha chuma kilichojaa udongo, akamwonyesha mama kwa mbali. Mama Dedan akaitikia kwa kichwa.

Ndipo kikasikika kilio.

Hakikuwa cha Mama Dedan. Kilitoka nyuma yao, mlangoni mwa nyumba, na Kavumbi akasikia kwa masikio yake namna alivyoliliwa. Sidi alikuja akijikwaa, leso imemwanguka, akapita katikati ya askari, akapita mbele ya mumewe bila kumwona, akapiga magoti miguuni pa yule mama.

"Nisamehe, mama. Nimekaa naye miaka mitatu kasoro. Nimemweleza siri zangu zote. Nimemwambia habari za watoto tuliozika, nimemwambia ninavyoogopa. Yeye ndiye aliyenisikiliza. Na sikumjua hata jina!"

"Anaitwa Dedan," Mama Dedan akasema. Akamwinua, akamkumbatia, na sasa wote wawili wakalia. "Umenitunzia mtoto. Wewe ni mkwe wangu."

Kavumbi alisimama kando na mguu wake wa bandia. Kwa muda wote ule alikuwa amedhani mkewe anamwogopa. Sidi hakumwogopa hata chembe. Alikuwa na msiba ambao haujaisha, na huwezi kumpakulia mume chungu kimoja na hali bado unamlilia mwingine.

Jeneza jipya lilipotiwa garini Sidi aligeuka. Alimtazama Kavumbi usoni, mara ya kwanza tangu arudi.

"Baba Caroline, nipe ruhusa nikamzike."

Wazee walianza kunong'ona. Kavumbi hakuwasikiliza.

"Nenda," akasema. "Mzike vizuri."

Walipoondoka, vijana walilijaza shimo, na wazee wakatangaza kwamba sasa anaweza kuingia nyumbani kwa mlango. Alikwenda mpaka kizingitini. Aliona kitanda, meza, sufuria zilizopangwa. Akaona haingii nyumba ya mtu ilhali mwenyewe hayupo, akarudi kibandani.

*

Siku ya sita, saa tatu asubuhi, benchi la ofisi ya Kibarani lilikuwa na watu watatu. Wa kwanza aliingia, akatoka. Wa pili akanyanyuka alipoitwa, lakini mwanamke aliyekuwa wa tatu alimwomba, kwa sauti ya chini, amwachie zamu. Alikuwa amenyolewa upya, kichwa chake kinang'aa chini ya mtandio. Akaingia, akafunga mlango nyuma yake, akakaa kwenye kiti cha wateja.

Kavumbi aliinua macho kutoka daftarini. Sidi hakuwa amewahi kuikanyaga ofisi ile.

"Nimekuja kutafuta mtu," akasema.

Kavumbi alitaka kucheka, kisha akaona kwamba Sidi hacheki. Akashika kalamu, maana mikono ilihitaji kitu cha kushika.

"Jina lake?"

"Kavumbi Kombe."

"Ni nani wako?"

"Mume wangu."

"Mara ya mwisho kumwona ni lini?"

"Jumatatu alfajiri. Aliniambia nisiamke, bado mapema. Nikasikia mlango. Alikuwa anakwenda Mariakani."

Nje gari lilipita.

"Alama," Kavumbi akasema. "Alama mwilini."

"Kovu la panga, kidole gumba cha kulia. Alijikata akipasua nazi za harusi ya Kenga, akakataa kwenda hospitali kwa sababu ya kiburi. Doa jeusi mgongoni, hapa. Akicheka jicho moja hufumba. Akilala husaga meno, na ukimwambia hubisha." Akatazama chini ya meza. "Mguu mmoja hana. Huo siwezi kukueleza. Sikuwapo ulipokatwa, na sikumuuliza. Nilitaka kumuuliza kila siku nikiweka sahani. Niliona haya, namlilia mtu na yeye amekaa pale."

Kavumbi alikuwa ameacha kuandika kwenye kidole gumba. Akaweka kalamu chini. Aliuliza swali la mwisho, lile analowauliza wote kabla hajakubali kazi yao.

"Akipatikana, uko tayari kumtazama? Kumtazama hasa?"

"Nimwone."

Akainuka, akazunguka meza, akavuta kiti mpaka magoti yao yakakaribiana. Akakunja suruali, akafungua mikanda mmoja mmoja, akauvua mguu wa bandia na kuuweka sakafuni. Sidi akaweka mkono wake palipoishia nyama, akauacha pale.

"Ulianzaje kuuma?" akauliza.

Alikuwa hajajibu mlango ulipogongwa. Yule mteja aliyeachia zamu alikuwa amechoka kungoja, na akagonga tena.

"Ngoja nje!" Sidi akampigia kelele, kelele ya mwanamke aliye kwake. "Sijamaliza na mtu wangu!"